Jibu langu kuhusu siku za vyakula: tunachukua tarehe yao, tunapika chakula chetu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu nimeusoma tangu mwanzo. Dada aliyeufungua anasema watoto wake wanaona kwenye simu siku ya pizza, siku ya donati, siku ya chokoleti, na kila mara wanamuuliza mbona nyumbani kwao hakupikwi kitu. Anataka kujua kama mtu wa kipato cha kawaida anaziweza siku hizi na kama zina maana yoyote kwetu. Kaka mmoja akamjibu kuwa huo ni uigaji, sikukuu zetu zinatutosha. Mimi nakaa Wete, Pemba. Nyumbani tuko wanane: mimi, mume wangu, watoto watano na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu. Mwaka huu ni wa nne tunazifanya, kwa hiyo nitasema yale niliyoyapitia.

Kaka, mwaka wa kwanza ungetukuta ungesema kweli. Tulianza na 9 Februari, ambayo Marekani wanaiita siku ya pizza, kwa sababu binti yangu mkubwa aliiomba sana. Nikaagiza jibini kutoka mji wa Chake Chake kwa bei iliyozidi ya kilo ya nyama. Ikafika mchana imeshashikwa na jua, imelegea na inatoa harufu. Nikapika hivyo hivyo. Watoto walikula nusu nusu, mavyaa alionja kipande akakirudisha sahanini kwa adabu, na saa mbili usiku nikarudi jikoni kupika wali. Nilisikitika kwa fedha ile, na zaidi kwa uso wa mwanangu.

Usiku ule mume wangu akaniambia, "Mama watoto, mbona pizza tunayo?" Ujana wake aliupitia Unguja, na jioni nyingi alisimama Forodhani, bustani ya pwani mjini Unguja, akiwaangalia wapishi wa pizza ya Zanzibar. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, aliingia jikoni yeye mwenyewe. Unga alioukanda aliukata madonge, akayapaka mafuta na kuyafunika yakapumzika zaidi ya saa nzima, kwani donge lisilopumzika linachanika. Kila donge akalitandaza kwa viganja mpaka likawa jembamba unaona mkono upande wa pili. Kati akaweka kima, yaani nyama ya kusaga, iliyokwisha kaushwa, kitunguu, pilipili boga na yai moja, akakunja pande nne na kulitia kwenye chuma lenye samli kidogo. Watoto walikuwa hawajawahi kumuona baba yao akipika. Yule mdogo alisimama karibu na seredani, jiko letu la makaa, muda wote, anahesabu mayai. Tangu siku ile tukajiwekea kanuni moja: tarehe ni ya wenyewe, chakula ni chetu.

Siku ya donati ndiyo iliyonifunza zaidi. Kwa Wamarekani ni Ijumaa ya kwanza ya Juni. Jeshi la Wokovu, jumuiya ya Kikristo ya misaada, waliianzisha Chicago mwaka 1938, kuwakumbuka wanawake waliowakaangia donati askari wao huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ijumaa kwetu ni siku nzuri, watu wote wako nyumbani baada ya sala. Nikasema tutapika kaimati, vidonge vya unga vya kukaanga na kutiwa shira, ambavyo kwetu vimezoeleka Ramadhani. Mavyaa akanitazama.

"Mwezi haujaandama, kaimati za nini, mwanangu? Majirani watasemaje?"

Nikakaa chini nikamsimulia habari za wale wanawake na askari. Alisikiliza kimya, kisha akaanza kusimulia yake: alipokuwa msichana, msimu wa karafuu ukifika, wachumaji wakija wengi kutoka nje ya kisiwa, na mama yake akiamka usiku kukaanga vitumbua vya kuwauzia kabla hawajaingia shambani. Yeye ndiye aliyekuwa akipepea moto. Nimeolewa nyumba hii miaka kumi na sita, na habari ile nilikuwa sijaisikia. Mume wangu pia alikuwa hajaisikia, na huyo ni mama yake mzazi.

Kisha akaomba bakuli. Mavyaa hapimi kwa kikombe, anakadiria kwa jicho na mkono. Binti yangu akaja na daftari la skuli na kikombe, na kila bibi alipotaka kumimina kitu alimwambia, "Bibi, subiri kwanza nipime." Bibi alisubiri, japo haikumpendeza. Alimuonesha unga wa kaimati unavyopigwa kwa mkono kutoka chini kwenda juu mpaka unavutika na kutoa mapovu. Alimuonesha namna ya kuukamua ukatokea donge baina ya kidole gumba na cha shahada, ukalichota kwa kijiko kilicholoweshwa maji. Na mafuta yasiwe makali, la sivyo kaimati inaiva nje na ndani inabaki unga. Zile za mwanzo za mjukuu wake zilitoka na mikia. Bibi akazila yeye, akasema ndizo anazozitaka.

Dada yangu, ndiyo maana nasema siku hizi zina maana. Ramadhani tunapika kwa haraka, adhana inakaribia, hakuna wa kumfundisha mtoto. Sikukuu nyumba imejaa wageni, na mtoto anafukuzwa jikoni asiungue. Lakini Ijumaa ya Juni isiyokuwa na jambo, mkubwa mwenye ujuzi na mdogo asiyejua wanapata saa mbili za kukaa pamoja kwenye moto. Kwetu mimi hiyo saa sikuipata mpaka nilipopewa kisingizio.

Siku tunayoipenda kuliko zote ni 2 Septemba, Siku ya Nazi Duniani, siku ya kuundwa kwa jumuiya ya nchi za Asia na Pasifiki zinazolima minazi. Jumuiya yenyewe ni ya mwaka 1969. Nilipoijua nilifurahi kama nimepata barua kutoka kwa jamaa wa mbali, maana huko nako watu wanakuna na kukamua kama sisi.

Siku hiyo tunamuomba mkwezi atuangushie moja moja ya kila umri. Mavyaa anazipanga juu ya mkeka: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Watoto wangu walikuwa wanajua dafu na nazi tu. Bibi anawapasulia kila moja waone. Kitale nyama yake bado ni ute. Dafu unalila kwa kipande cha kumbi, lile ganda la nje la nyuzi. Koroma maji yake yameanza kupungua utamu, nyama imeshakaza lakini ukiikamua tui lake ni jepesi. Mwaka jana tulibahatika kupata na joya, ile iliyojaa sponji ndani, na watoto wakaligombania. Halafu mbuzi ya kukunia inatolewa, na kila mtoto anakuna nazi yake, mkubwa kwa mdogo, na wa kiume pia. Tui la kwanza linawekwa pembeni, la pili na la tatu ndiyo la kuchemshia.

Tunapika shelisheli la nazi kwa sababu Pemba tunalo. Linamenywa, linatolewa moyo, linakatwa vipande na kuchemshwa kwa tui jepesi, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Likiiva ndipo linatiwa tui zito, na hapo unakoroga bila kuacha mpaka lichemke, usije ukageuza uso tui likakatika. Pembeni papa mkavu au dagaa. Tunakula kwenye sinia moja juu ya jamvi, na kashata za nazi zinakuja mwisho. Chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, wanapewa kuku, vifuu vinaingia motoni. Makumbi ndiyo yaliyomtoa mavyaa machozi kidogo, kwa sababu aliwaeleza wajukuu wake jinsi mama yake alivyokuwa akiyafukia kwenye matope ya pwani miezi kadhaa, akayafukua, akayaponda kuwa usumba na kusokota kamba za kuuza. Mwanangu wa tatu aliuliza kamba moja ilikuwa na urefu gani. Bibi akanyanyuka, akapima kwa pima za mikono yake kutoka mlangoni hadi kisimani.

Siku ya Jodari, 2 Mei, Umoja wa Mataifa waliipitisha Desemba 2016. Sisi watu wa pwani nilidhani ndiyo rahisi kuliko zote. Lakini Mei ni masika na kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshaanza, bahari haitabiriki. Mwaka wa kwanza mume wangu alikwenda diko, wavuvi wanaposhusha samaki, alfajiri akarudi na vibua, samaki wadogo kuliko jodari. Tukawapaka ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili, tukawachoma na kuwamiminia tui la ukwaju. Hakuna aliyelalamika. Nakutajia hili ili usije ukasumbuka kutafuta kitu ambacho wakati wake si huo.

Ya mayai nitaipitia haraka: ni Ijumaa ya pili ya Oktoba, ipo tangu 1996, na kwetu ni mkate wa mayai, makaa chini na juu. Kuku tunafuga wenyewe, kwa hiyo gharama ni sukari na unga.

Kuna na 7 Julai. Mitandaoni ni siku ya chokoleti, lakini hiyo hiyo ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa mara ya kwanza 2022. Chokoleti kwa watoto watano ni fedha nyingi, na hapa kwetu inayeyuka kabla ya kufunguliwa. Tunanunua unga wa kakao kidogo tu, tunautia kwenye kashata, na muda wetu wote tunautumia kwenye maneno. Kila mtoto anafumbwa macho, anashikishwa chombo cha jikoni na kukitaja: kifumbu, kawa, upawa, mchi, kinu, mwiko, kata. Anayetaja anapewa kashata. Anayeshindwa anamuuliza bibi, kisha naye anapewa. Mara ya kwanza kifumbu hakuna aliyekijua, wote walisema chujio. Sasa hata yule wa miaka mitano anajua kimesukwa kwa ukindu na kazi yake ni kukamulia tui. Miaka ya msimu mzuri, majamvi ya karafuu yanakuwa yameshatandikwa uani wakati huo, na mchezo unafanyika huku mikono inachambua.

Kuhusu gharama, dada, hatuzidishi siku sita kwa mwaka, na hizo sita nimeshazitaja. Naziandika kwenye kalenda ukutani mwanzoni mwa mwaka, na hakuna siku inayopikiwa zaidi ya kitu kimoja cha ziada. Chakula cha kawaida cha siku kinabaki kile kile. Watoto waliotaka kuongeza nimewakatalia, kwani ikiwa kila wiki kuna siku, hakuna siku.

Angalia na kalenda ya Kiislamu pia, maana Ramadhani inarudi nyuma kiasi cha siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2027 inakisiwa kuanza karibu na 8 Februari, mwezi ukiandama, kwa hiyo pizza yetu ya 9 Februari itaingia kwenye futari. Mume wangu ameshasema atazipika ndogo ndogo ziliwe baada ya tarawehe.

Kaka wa uigaji, nakuheshimu, na naomba ulifikirie hili. Vunja jungu, siku za mwisho za Shaabani, watu wanakusanyika kula na kucheka kabla ya kufunga. Hakuna aliyelazimishwa. Wazee waliona kuna nafasi ya kukaa na watu wao wakaitumia, na leo nani atasema vunja jungu si yetu? Sina hofu ya tarehe iliyotoka Chicago ikiwa kwenye sinia kuna kaimati za mavyaa wangu. Hofu yangu ni mavyaa kuondoka na ujuzi wake mkononi, na sisi tubaki tunanunua.

Kuna mjumbe aliyeomba vipimo vya kaimati. Hivi ni vya kwenye daftari la binti yangu, vinatosha watu wanane. Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, mtindi vijiko viwili vya kulia, chumvi chembe, hiliki ya kutwanga nusu kijiko cha chai. Maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo, lakini yatie kidogo kidogo, unga mwengine unakunywa maji zaidi. Piga kwa mkono kama robo saa, funika, uache mpaka uumuke mara mbili. Shira ni sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, hiliki, zafarani ukiwa nayo, na matone ya ndimu ili isigande. Ichemshe mpaka inate baina ya vidole. Kaimati ziingie kwenye shira zikiwa za moto, uzizungushe, uzitoe. Chini ya ukurasa ule binti yangu ameandika, "Bibi anasema usiache kuzigeuza kwenye mafuta, ndipo zinapokuwa duara."