Bana gharama za kesi kabla hujasaini mkataba na wakili

Ada ya wakili hubanwa siku ya kwanza, kabla ya kuweka sahihi. Kesi ikishafunguliwa, nguvu ya mteja ya kujadiliana hupungua sana, maana kubadilisha wakili katikati ni kumlipa mwingine asome jalada lote upya.

Hata kabla ya kumtafuta wakili, chunguza kama unayetaka kumshtaki ana mali au kipato. Hukumu dhidi ya asiye na kitu ni karatasi tu, na kuikaza (kumlazimisha alipe) kuna gharama zake. Hesabu pia muda wa ukomo, yaani muda ambao sheria inakuruhusu kufungua madai: aliyechelewa anaweza kutumia fedha nyingi kisha madai yakatupwa bila hata kusikilizwa.

Ukikutana na wakili, muulize analipwaje: kwa saa, kwa jumla moja, au kwa asilimia ya utakachopata.

Kwenye asilimia ndiko wengi huumia. Tuseme umeshinda 100,000, na gharama za kesi (ada za mahakama, mashahidi wataalamu, nakala) zimefika 20,000. Asilimia 30 ikikatwa kwanza, wakili anachukua 30,000, gharama 20,000, wewe unabaki na 50,000. Gharama zikitolewa kwanza, asilimia 30 ya 80,000 ni 24,000, na mkononi unabaki na 56,000. Hiyo 6,000 inategemea sentensi moja ya mkataba, kwa hiyo isome, na kama haipo idai iandikwe. Uliza pia nani atabeba gharama hizo mkishindwa. Zipo nchi zinazokataza kabisa malipo ya aina hii, na nyingine zimeyawekea kikomo: Marekani, katika madai ya fidia dhidi ya serikali kuu, wakili haruhusiwi kuzidisha asilimia 20 yakimalizwa kabla ya kwenda mahakamani, au 25 baada ya kesi kufunguliwa.

Malipo ya saa yana mtego wake, nao ni kipimo kidogo kabisa cha muda. Simu kumi za dakika tatu ni nusu saa. Wakili anayehesabu kwa vipande vya dakika 6 atakutoza saa nzima, na wa dakika 15 atakutoza saa mbili na nusu. Basi kusanya maswali yako kwenye barua pepe moja kwa wiki. Weka kwenye mkataba kiwango ambacho hakivukwi bila idhini yako ya maandishi, na udai taarifa ya kila mwezi inayoonyesha nani alifanya nini kwa muda gani.

Ada ya jumla inatuliza moyo, ila taja mwisho wake. Je, inafika hadi hukumu tu? Rufaa imo? Kukaza hukumu je? Ugomvi mwingi wa bili huanzia hapo.

Nyaraka zipange mwenyewe kwa tarehe, zipe namba, kisha andika kurasa mbili za mfuatano wa matukio. Mfuko wa risiti zilizochanganyika utapangwa ofisini kwa wakili, kwa bei ya wakili. Na usifiche jambo baya. Likifichuka baadaye, hati za madai huenda zikarekebishwa, shauri likaahirishwa, na ukatozwa gharama za siku iliyopotea.

Usidhani ukishinda utarudishiwa kila senti. Marekani kila upande kwa kawaida hujilipia wakili wake. Uingereza aliyeshindwa ndiye kwa kawaida hulipa, lakini gharama hupimwa, na zilizozidi kiasi hukatwa. Tofauti ni yako.

Ndiyo maana pendekezo la kumaliza nje ya mahakama litolewe mapema, kwa maandishi. Uingereza, pendekezo rasmi huachiwa angalau siku 21 za kulikubali. Mdai akilikataa, kisha hukumu isizidi alichopewa, kwa kawaida hulipa gharama za mdaiwa tangu muda ule ulipokwisha, hata kama ameshinda. Kwa hiyo ukipokea pendekezo, mwambie wakili akuandikie makadirio mawili: utabaki na kiasi gani ukikubali leo, na kiasi gani ukiendelea hadi hukumu.

Bili ikikushtua, omba mchanganuo wa kila kazi, lipa sehemu usiyoipinga, na iliyobaki ipeleke kwa mamlaka yenye kutathmini ada za mawakili. Hakikisha muda wa kupinga haujapita. Na tangu mwanzo weka nakala zako kamili, kwa kuwa sehemu nyingi wakili anayekudai ada ana haki ya kuzuia jalada.