Imeili ya hakimiliki ikikukuta chuoni

Mnaoingia vyuo vya Marekani mwaka huu hii ni yenu. Nilipokuwa nasoma kule nilikuwa napiga kibarua ofisi ya IT ya chuo, na kazi mojawapo ilikuwa kupokea malalamiko ya hakimiliki, zile barua zinazokuja eti kuna mtu kwenye mtandao wenu anagawa muvi yetu. Barua yenyewe haina jina lako kabisa. Ina jina la faili, anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), namba ya poti (mlango wa programu kwenye kifaa) na saa, tena saa ya UTC, ile ya kimataifa, kwahiyo naigeuza kwanza iwe saa ya pale chuoni halafu naingia kwenye kumbukumbu za waifai naangalia muda ule IP ile alikuwa nayo nani, na kwa vile uliingia kwa akaunti yako ya chuo basi jina lako hilo hapo. Dakika chache tu.

Wengi walikuwa wanakuja wanalalamika "mimi nimeshusha tu, sijamgawia mtu", kumbe torenti, hii njia ya kushusha mafaili kwa kugawana vipande, haiko hivyo, ukiwa unashusha vipande programu inavigawa hapohapo kwa wengine, na kampuni zinazolipwa na wenye mali zinajiunga humohumo kama watu wa kawaida, zinaandika IP za waliomo. Halafu programu nyingi za torenti zinajiwasha zenyewe ukiwasha laptopu. Yaani umeshusha kitu likizo ukiwa kwenu, semista imeanza umerudi chuo, laptopu imeshika waifai, wewe uko darasani huna habari na yenyewe inagawa tu. Hao ndio tulikuwa tunawapata sana, sio maharamia sugu! Kwahiyo programu iondoe kabisa, usifunge dirisha ukadhani imezimika, angalia kwenye kona karibu na saa utaikuta bado ipo.

Imeili ya chuo kuhusu malalamiko hayo ikija jibu ndani ya muda waliokupa, maana ukiuchuna wanakukatia intaneti na kazi za darasa ziko hukohuko. Chuo hakina ugomvi na wewe. Sheria ya DMCA ya 1998, ile ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni, inakikinga kisibebe mzigo wako ila lazima kiwe na utaratibu wa kuwashughulikia wanaorudia, na ile ya elimu ya juu ya 2008 inakitaka kiwe na mpango kabisa wa kupambana na haya mambo. Kwetu mara ya kwanza ilikuwa onyo, unafuta faili yanaisha, ukizoea unaitwa kwa mlezi wa wanafunzi, na wewe mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ukisimamishwa masomo hayo sasa ni mengine.

Pesa zake usiziulize. Wenye mali wakikushtaki, fidia ya kisheria ni dola 750 mpaka 30,000 kwa kila kazi moja, yaani kila wimbo au muvi, ikionekana ni makusudi inafika 150,000. Joel Tenenbaum, mwanafunzi wa Boston University, mwaka 2009 baraza la mahakama lilimpiga dola 675,000 kwa nyimbo 30 tu.

Baadhi ya barua zinakuja na linki ya kulipa yamalizike kimyakimya. Usibonyeze kwa uoga, wao wana IP tu, jina lako hawana mpaka mahakama iamuru litolewe. Nenda kwanza kwa wakili wa wanafunzi, vyuo vingi vinaye na mara nyingi umeshamlipia kwenye ada.