Jibu: Mitamba wanakufa ilhali napulizia dawa ya kupe kila wiki tatu, tatizo nini?

Mkuu, pole sana kwa mitamba wawili. Umesema ni chotara, wanalishwa bandani, walivimba chini ya masikio, wakakohoa, wakafa na povu puani, na jirani anashikilia kuwa ni majani yenye sumu. Kwa dalili hizo mimi nasema ni ndigana kali, na ratiba yako ya dawa inaiacha ipite.

Kupe anayeileta ni yule wa kahawia wa masikioni. Huyu hutumia wanyama watatu maishani. Akitoka yaini hupanda wa kwanza, ananyonya siku chache, anadondoka na kujivua gamba majanini. Hupanda wa pili, hudondoka tena, na akishakomaa hupanda wa tatu. Kila awamu hukaa mwilini takribani wiki moja tu. Maana yake, atakayepanda dawa ikishaisha nguvu atashiba na kushuka kabla hujarudi na bomba. Wiki tatu zinamfaa kupe wa bluu, mleta ndigana baridi, kwa sababu yeye hukulia kwa ng'ombe mmoja kwa muda kama huo. Wauza pembejeo wengi hawaulizi una kupe gani, na hili linaniuma kwa sababu wafugaji wanapoteza mifugo huku dawa wananunua.

Kupe akianguliwa hana ndigana. Kimelea chenyewe, Theileria parva, hukipata kwa kunyonya ng'ombe au nyati aliyenacho, kisha hukiambukiza katika awamu inayofuata. Tena hakiambukizi pale pale anapouma: vimelea hukomaa kwenye tezi zake za mate akiwa ananyonya, na huchukua kama siku tatu au nne. Nafasi yetu iko hapo. Mimi huku Meru naogesha kila wiki, na mvua zikianza naongeza ziwe mara mbili, kwani ndipo kupe wakubwa wanapotoka kwa wingi.

Halafu masikio. Pindua sikio utazame kwenye vinyweleo vya ndani: utawakuta wamebanana, majike yamevimba kwa damu katikati ya wadogo wa kahawia. Ukilowesha mgongo na mbavu masikio yakabaki makavu, dawa umeimwaga. Na kufugia bandani si kinga, maana kupe huja na majani unayokata. Aliyekomaa anaweza kukaa nyikani zaidi ya mwaka akisubiri damu.

Nunua kipimajoto. Mnyama akisusa chakula, pima, ikizidi 39.5, papasa chini ya sikio. Tezi iliyoshambuliwa utaisikia imekaza, inateleza chini ya ngozi kama yai. Mwite daktari siku hiyo hiyo achome buparvakwoni, dawa ya kuua kimelea hiki, wengi hurudia baada ya saa 48. Oksitetrasaiklini, ile antibiotiki ya kawaida, peke yake haiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika. Povu likitoka, mapafu yameshajaa maji, na wanaopona hapo ni wachache.

Ndama waliobaki wapeleke kwenye chanjo. Ni ile iliyotengenezwa Muguga, Kenya, kwa aina tatu za vimelea hai: mnyama huchomwa vimelea pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, anaugua kidogo au haugui kabisa, na kinga inabaki. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana. Inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, na ikishayeyushwa lazima iishe ndani ya saa chache, ndiyo maana daktari hatakuja kwa ndama mmoja. Ongea na majirani mkusanye ndama, akiwemo huyo wa majani yenye sumu. Kuogesha msiache hata baada ya chanjo, kwa kuwa haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, maji moyo wala kukojoa damu.