Usihofu saa, chunga tarehe

Mhariri, wiki hii mmeuliza msafiri anayetaka kuuona mwaka mpya wa Ethiopia ajiandae vipi. Saa zisimsumbue. Waethiopia huzihesabu kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja. Ukipatana na dereva saa kumi na moja alfajiri, ni ileile yetu. Ila ndege hufuata saa za kimataifa.

Kinachopoteza watu ni tarehe. Mwaka wao una miezi 13: 12 ya siku 30, kisha Pagume wenye siku 5, au 6 kila mwaka wa nne. Tena uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Risiti iliyoandikwa 5/1/2018 si ya Januari hata kidogo. Ni ya 15 Septemba 2025, kwa kuwa mwezi wao wa kwanza, Meskerem, huanza Septemba. Kwa hiyo kabla hujalipia basi au chumba, uliza ni kalenda ipi, kisha andika tarehe zote mbili.

Mwaka mpya, Enkutatash, huangukia 11 Septemba, na mara moja katika miaka minne 12, kama itakavyokuwa 2027. Mvua kubwa za kiremt zinakatika, na nyanda za juu zinageuka manjano kwa maua ya adey abeba. Usiku wa mkesha watu huwasha mienge. Kukicha, wasichana waliovaa nguo nyeupe hupita nyumba hadi nyumba wakiimba na kugawa maua, na wavulana hugawa picha walizochora wenyewe. Ndani kuna doro wat, mchuzi wa kuku wenye pilipili, na buni inakaangwa mbele yako. Ukikaribishwa usiwe na haraka, maana kahawa hunywewa mizunguko mitatu.

Ila anayekwenda kwa siku mbili tatu anajinyima. Abaki mpaka Meskel, sikukuu ya kupatikana kwa Msalaba wa Kristo, 17 Meskerem. Jioni ya kuamkia siku hiyo huwashwa moto mkubwa katika uwanja wa Meskel jijini Addis Ababa, sherehe ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2013. Wagurage, kabila la kusini mwa Addis Ababa, wengi wao wakiishi mjini hurudi kwao kula kitfo, nyama mbichi ya kusaga, pamoja na wazee, kama Wachagga wanavyopanda Kilimanjaro kila Desemba. Mwenye safari ya Butajira au Welkite, miji ya Wagurage, siku hizo akate tiketi mapema, la sivyo asubiri sikukuu ipite.