Mtoto aliyezama ziwani anakohoa kila akilishwa: tufanyeje?

Swali: Mimi ni mama wa Kadutu, Bukavu. Mwanangu ana miaka 6. Mwaka jana alizama katika ziwa Kivu, pale tunapofulia nguo. Wavuvi walimtoa akiwa hapumui, wakamzindua. Leo hasemi, haketi, mwili unakakamaa na kujipinda nyuma, na anakunywa dawa ya kifafa. Nikiwa sokoni bibi yake ndiye anayemlisha: humlaza mapajani na kumpa uji mwepesi. Anakohoa, machozi yanamtoka, na mlo mmoja unapita saa nzima. Ameshapata nimonia mara mbili na amekonda. Muganga ametaja mpira wa puani wa kupitishia chakula, nikaogopa. Kanisani wengine wanasema amechukuliwa na mamba muntu, yule pepo wa majini. Tumlishe namna gani? Na je, atarudi kama zamani?

Jibu la kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo): Pole sana mama, na umfikishie bibi pole zangu. Asilaumiwe na mtu. Anamlisha mjukuu kama alivyowalisha watoto wote aliowalea, ila koo la huyu limebadilika.

Ubongo ukikosa hewa dakika nne, tano, sita, seli zake huanza kufa. Mikono na miguu iliyokakamaa mnaiona. Ulimi na koo hamvioni, na navyo ni misuli inayoongozwa na ubongo huo huo. Kila tunapomeza, njia ya hewa lazima izibwe kwanza. Kwa mwanao inachelewa kuzibwa. Akilazwa kichwa kikiwa nyuma, njia hiyo inabaki wazi, na uji mwepesi unateremka kabla koo halijawa tayari. Kiasi kinaingia mapafuni. Kukohoa, machozi, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, zote ni dalili za hilo, na kwa maelezo yako nashuku sana kwamba hata nimonia zimetokea huko. Mjue pia kwamba wako watoto ambao chakula kinaingia mapafuni bila wao kukohoa hata kidogo. Akinyamaza, msidhani amepona.

Dawa ya kwanza ni mkao, na mkao unaanzia kwenye nyonga. Mtoto anayejipinda nyuma, ukimsukuma kisogo ili kichwa kije mbele, ndiyo kwanza atazidi kukakamaa. Msishindane naye shingoni. Mkunjeni nyonga na magoti polepole, bila kuvuta, mpaka msikie mwili unalegea, kichwa kitafuata. Bibi aketi kwenye kigoda, mgongo wake ukiwa ukutani. Mtoto akae kwa upande, makalio yazame katikati ya mapaja ya bibi, magoti yakunjwe, mikono yake miwili iletwe mbele. Mkono wa bibi upite nyuma ya mabega, usishike kisogo. Kidevu kiinamie kifua kidogo tu.

Lakini mtoto wa miaka 6 ni mzito, na mgongo wa bibi nao ni wa kuhurumiwa. Seremala anaweza kuwatengenezea kiti cha pembe: mbao mbili zinazokutana kama kona ya nyumba, hivyo mabega yanaletwa mbele yenyewe. Pesa zikikosekana, maboksi yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, yakikauka vizuri, yanambeba mtoto. Mfungeni nyonga kwa kikwembe, na nyayo zikanyage kitu kigumu, zisining'inie.

Uji uwe mzito, wa kudondoka polepole kwenye kijiko. Avoka iliyopondwa mpaka iwe laini ni chakula bora kwake: inateleza na ina nguvu nyingi. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wakavu wasageni, mchekeche, mtie kwenye uji pamoja na kijiko cha mawese. Sombe (majani ya muhogo) yenye nyuzi msimpe. Maharagwe ndani ya mchuzi ni hatari zaidi, maana mchuzi unatangulia na punje zinabaki mdomoni. Maji matupu ndiyo magumu kuliko vyote. Yapikeni na unga kidogo yawe mazito.

Nusu ya kijiko kidogo inatosha. Kitoke mbele, chini ya macho yake, kibonyeze ulimi kidogo, kisha subirini midomo ifunge. Tazameni koo lipande na kushuka ndipo mpeleke kingine. Mlo usizidi nusu saa. Afadhali ale mara tano au sita kwa siku. Akimaliza abaki ameketi nusu saa nyingine. Asubuhi na jioni msafisheni kinywa, kwa sababu mate yenye uchafu nayo huteremka mapafuni. Na akiwa anasinzia kwa dawa ya kifafa, asilishwe mpaka aamke kabisa.

Mpimeni uzito kila mwezi kwenye kituo cha afya. Akiendelea kukonda, au nimonia ikirudi, mimi ningekubali mpira bila kusita. Mama, mpira wa puani si hukumu. Unampa mwili nguvu, na wako watoto wanaokuja kuondolewa. Hata akiwa nao alishwe ameketi, na muuguzi awafundishe jinsi ya kuhakikisha uko tumboni kabla ya kila mlo.

Kurudi kama zamani sitakuahidi. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo. Baada ya mwaka, kinachokuja huja kidogo kidogo: kutulia akisikia sauti yako, kushika kichwa kwa muda, kukuonyesha kwa macho anachotaka. Inawezekana anasikia na kuelewa mengi kuliko anavyoweza kuonyesha. Kwa hiyo habari za mamba muntu zisisemwe mbele yake. Aliyetolewa majini ni mwanao yule yule. Ombeni, ila asifungishwe kula, na dawa ya kifafa isikatwe hata siku moja, kwani kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokwisha upesi.

Nendeni Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu hapa Bukavu, mkaulizie kiti na mazoezi. Bibi aende pia, maana yeye ndiye atakayemlisha. Degedege likimshika, mlazeni kwa ubavu bila kumtia kitu mdomoni. Na mkimwona anapumua mbio, kifua kinabonyea ndani, midomo inageuka rangi, au degedege limepita dakika tano, mkimbilie hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.