Maswali ya Wasomaji: Printa ya Chini Haionekani Ghorofani

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yetu ya ghorofa iko Mji wa Kale, Mombasa, na kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe. Kampuni ya intaneti ilifunga ruta yake sebuleni chini. Kwa kuwa waifai haikufika juu, fundi alivuta kebo na kufunga ruta ya pili ghorofani. Sasa intaneti ya juu hukatikakatika jioni, na watoto walio huko hawaioni kabisa printa iliyo chini. Fundi amerudi mara mbili, na kila mara alibadilisha neno la siri tu. Tuanzie wapi?
Mama wa watoto watatu, Mombasa

JIBU: Mama, usikubali kitu chochote kibadilishwe tena kabla hujachora kwenye karatasi mtandao wa nyumba yako kama ulivyo, kwa sababu neno la siri haliwezi kurekebisha kosa lililo katika mpangilio wa ruta zenyewe. Fuata kila kebo kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho, na uandike imechomekwa kwenye tundu gani.

Kisha viulize vifaa vyenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo chini, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na unakili anwani ya kompyuta pamoja na anwani ya lango, yaani ya ruta inayoihudumia. Fanya vivyo hivyo ukiwa juu. Ikiwa chini lango ni 192.168.1.1 na juu ni 192.168.0.1, basi nyumba yako ina mitandao miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na hilo ndilo ninaloshuku. Uthibitisho utaupata ukiwa juu kwa kuandika tracert 8.8.8.8, amri inayoonyesha ruta zinazopitiwa hadi 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya kompyuta ya Google iliyo kwenye intaneti: mstari wa kwanza utaonyesha ruta ya ghorofani, na wa pili ile ya sebuleni. Anwani zilizo katika mistari inayofuata zikianza na 10 au 100.64 zisikutie wasiwasi, kwani kampuni nyingi za intaneti hutumia anwani hizo ndani ya mitandao yao.

Hapo suala la printa linaeleweka. Simu huitafuta printa kwa kupiga mbiu katika mtandao wake, na mbiu hiyo haivuki ruta, ndiyo maana printa inaweza kuwa nzima na bado watoto wasiione. Dawa yake ni kuifanya ruta ya juu iache kazi ya ulango na ibaki kutoa waifai tu. Ingia katika ukurasa wake wa mipangilio, uipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine, kwa mfano 192.168.1.2, uzime kazi ya kugawa anwani, ambayo huandikwa DHCP, kisha uhamishe kebo inayotoka chini kutoka tundu la WAN, yaani la kupokea intaneti, hadi mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya vifaa vya ndani ya nyumba. Utaratibu huu ufuatwe hivyo hivyo, kwa sababu kebo ikihamishwa kabla ya DHCP kuzimwa, ruta zote mbili zitagawa anwani katika mtandao mmoja na vurugu itazidi. Baada ya hapo, kifaa kikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake hakikupata anwani kutoka ruta yoyote, na kosa la kwanza la kutafutwa ni kebo.

Kukatika kwa jioni ni suala la pili, na nisingependa uilaumu kampuni kabla ya kupima. Saa intaneti inapokatika, tumia kompyuta ya ghorofani kuandika ping -t, amri inayopima mfululizo kama kifaa kinajibu, na anwani ya ruta ya juu, kisha ya chini, kisha 8.8.8.8. Majibu ya ruta ya juu yakiwa ya kusuasua, tatizo ni waifai ya ghorofani. Pengine inagongana na ya majirani, nawe ujaribu masafa ya gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja na ruta. Ya juu ikijibu vizuri na ya chini ikisita, ikague kebo iliyo kati yao, hasa vichwa vyake na pale inapopinda kwenye ngazi. Zote mbili zikijibu bila kusita na 8.8.8.8 pekee ikipotea, hapo ndipo uipigie kampuni simu, ukiwa na saa na matokeo uliyoyaandika.