Nipande viazi lini jalidi isije ikaniunguzia tena?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Msimu uliopita nilipanda viazi mviringo mapema nikijua nitawahi kuvuna, vikaota vizuri kabisa, vikafika urefu wa kiganja hivi, halafu usiku mmoja tu jalidi ikapiga, asubuhi naenda shambani nakuta majani yote meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Jirani alipanda wiki 2 baada yangu, vyake havikuguswa na akavuna kunizidi. Sasa kila mtu ananipa tarehe yake, mi nishike ya nani?

JIBU: Pole sana ndugu. Usishike ya yeyote, manake tarehe ya mtu ni ya shamba lake.

Jirani hakukuzidi ujanja, viazi vyake tu vilikuwa bado viko chini. Jalidi haina shida na mbegu iliyofukiwa sentimita 10, shida yake ni jani, na jani la kiazi likifikishwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri ndo basi tena. Kwa hiyo acha kuhesabu siku ya kupanda, hesabu siku ya kuchomoza. Udongo ukiwa baridi mche unachukua wiki 3 hadi 4 kutokeza, ukiwa na joto kidogo ni kama wiki 2. Jua jalidi ya mwisho huwa inapiga lini hapo kwako, rudi nyuma hizo wiki, panda hapo. Na nikisema hapo kwako namaanisha shamba lako lenyewe, sio eneo zima, kwa sababu usiku usio na mawingu wala upepo hewa ya baridi inateremka kama maji na kutuama bondeni, unakuta la bondeni limeungua na la mteremkoni hapo juu liko salama salmini.

Kabla ya kupanda choma kipimajoto kwenye udongo asubuhi, kina cha sentimita 10. Chini ya nyuzi 7 subiri, udongo baridi uliolowa unaozesha mbegu, hasa za kukatwa. Huku unasubiri zitandaze mbegu penye mwanga (sio juani) zitoe machipukizi mafupi manene ya sentimita 1 hivi, hapo unakuwa umeokoa siku kadhaa bila kucheza kamari.

Ila usije ukaogopa ukachelewa kupita kiasi. Kiazi kinatunga vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 hadi 20, joto likikaribia 30 kinagoma, unabaki na majani ya kupendeza na chini hamna kitu. Kama kwako kati ya jalidi na joto kali nafasi ni finyu tafuta aina ya siku 90, achana na zile za siku 120.

Na ikitokea vimeshachomoza halafu jioni ukaona mbingu haina wingu na upepo umekufa, pandishia udongo ufunike miche kama bado midogo, mikubwa ifunike kwa nyasi kavu uitoe asubuhi. Udongo mkavu umwagilie mchana ule, ulio na maji unatunza joto zaidi.

Sasa hukusema vile vilivyoungua ulivifanyaje, natumaini hukung'oa. Shina lililo chini ya udongo huwa linachipua tena, unachelewa wiki 2 au 3 na mavuno yanapungua, lakini unavuna.